Fomu ya Gundi

Jumatatu, 3 Machi

Tumepigwa tena kwenye mpira wa kikapu, 61 kwa 48. Nimerudi nyumbani nikafungua daftari la takwimu na kufanya kazi ambayo Kocha hajawahi kuifanya: nimehesabu. Gundi, mechi tisa, pointi tatu. Tatu! Moja kati ya hizo ni ya mtupo wa adhabu, na hata refa alionekana kumhurumia.

Gundi ni mchezaji wetu wa akiba, jezi namba kumi na nne. Kazi yake ni fundi viatu, ndiyo asili ya jina. Vilevile ni kaka wa mke wangu. Jambo hilo halihusiani kabisa na uamuzi wangu, linahusiana tu na ugumu wa kuutekeleza.

Mimi ni katibu wa timu. Mchana ni fundi friji. Napenda zaidi kuitwa meneja, ila wachezaji bado hawajazoea. Huu ni mwaka wa nne.

Uamuzi ni huu: Gundi aondoke. Timu ya ng'ambo ya barabara kuu inaye mtu anaitwa Mnara, anayeinama kila mlango anaopita. Sisi tuwape Gundi, wao watupe Mnara. Kamati ya ligi inaruhusu kubadilishana mpaka Ijumaa hii, mradi fomu iwe na sahihi ya mchezaji mwenyewe.

Naandika haya bila wasiwasi kwa sababu mwandiko wangu hausomeki. Mke wangu alishajaribu, akaishia kuumwa kichwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimemweleza Kocha. Ni mwalimu mstaafu, mtu anayekusikiliza mpaka unaanza kutilia shaka maneno yako mwenyewe. Nikamwekea jedwali mbele yake. Akalisoma lote, kisha akaniuliza: Kombora akitolewa uwanjani na hasira zake, hukaa na nani?

Kombora ndiye mfungaji wetu. Nusu ya pointi zetu zinatoka mikononi mwake, na nusu ya makelele yetu yanatoka kinywani mwake. Nikajibu kwamba akitolewa hukaa kwenye kiti. Kocha akauliza tena, na nani. Nikasema na Gundi, kwa kuwa Gundi yupo benchi muda wote, aende wapi? Kocha akasema basi, hicho ndicho alichotaka kujua.

Sikuona hilo linaingiaje kwenye hesabu ya pointi. Jedwali langu halina safu ya kukaa.

Mwishowe akasema hatanizuia. Urefu tunauhitaji kweli, hata yeye amelifikiria. Ila nimuulize Gundi kwanza. Nikamwahidi. Njiani nikatafakari. Kumuuliza mtu ni kumpa nafasi ya kukataa. Nitamuuliza kwa utaratibu wa kiutawala, yaani baadaye.

Jumatano, 5 Machi

Nimekutana na meneja wao. Wanamwita Miwani. Ana filimbi shingoni ingawa si refa, na ubao wenye kibanio cha karatasi. Wachezaji wake wanamwita Meneja bila kusukumwa. Sijui anawalisha nini.

Asubuhi nzima nikiwa nyuma ya friji ya mteja nilikuwa naandaa sifa za Gundi: nidhamu, uvumilivu, hachelewi mazoezini. Nimefika, nimesema Gundi ni mtu ambaye, na Miwani akakubali. Akakubali kabla sijamaliza! Sifa zangu zote nimebaki nazo.

Ameuliza swali moja tu, kama Gundi atakuja na begi lake. Nikasema begi ni mali yake, atakwenda nalo. Miwani akatabasamu. Nikamwonea huruma. Mtu anatoa mnara wa zaidi ya mita mbili, anafikiria begi.

Alhamisi, 6 Machi

Mkosi.

Lazima nieleze habari ya fomu. Mwaka wa kwanza nilizijaza mwenyewe. Kamati ikazirudisha mara mbili, na mara ya tatu wakamsajili Kombora kuwa na miaka sabini na moja. Tangu hapo fomu zote za timu anazijaza Gundi. Ana mwandiko wa kupendeza, herufi zimekaa kwenye mstari zimetulia. Kila Alhamisi baada ya mazoezi namkabidhi bahasha, naye anakaa kwenye ngazi za uwanja, anaandika.

Leo nilikuwa na fomu nne, tatu za kuthibitisha wachezaji na moja ile. Nilikusudia ile moja niijaze mwenyewe nyumbani, polepole, kwa herufi kubwa. Lakini mkono umezoea. Nikampa bahasha kama kawaida, nikaenda kuhesabu mipira.

Baada ya nusu saa akaja. Fomu tatu juu, safi. Ya nne akainyoosha mbele yangu. Majina yake matatu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya jezi, timu anayotoka, timu anayokwenda. Vyote ameshajaza. Akaniuliza kwenye sababu ya kuhama aandike nini.

Masikio yangu yalipata moto. Nikasema aandike kwa manufaa ya timu. Akaandika. Akauliza kama atie sahihi sasa hivi au asubiri. Nikasema sasa hivi ni sawa. Akatia, akanirudishia kalamu ikiwa imefungwa kifuniko chake. Mimi mwenyewe siifungi kamwe.

Nilitaka kusema kitu. Nikasema asante. Naye akaenda kukaa na wenzake, akafungua lile begi, akaanza kugandisha soli ya mtu, kama afanyavyo kila Alhamisi.

Jumapili, 9 Machi

Gundi hula kwetu kila Jumapili. Nilidhani leo hatakuja. Amekuja. Tumezungumzia mfereji wa nyuma ya nyumba ulioziba. Nilikuwa naongea haraka haraka ili mfereji usiishe.

Kisha akamtolea dada yake jezi mpya, ya rangi nyingine, akamwomba amshonee namba sita. Ndivyo mke wangu alivyojua.

Hakupandisha sauti. Akampakulia kila mtu, akakaa, akaniuliza kwa ile sauti anayowatunzia wageni kama nilimuuliza kaka yake. Nikasema fomu aliijaza mwenyewe. Huo ni ukweli mtupu. Akanitazama kama wateja wanavyoitazama friji niliyoitengeneza jana na leo haigandishi.

Gundi akasema, dada, yaache, shemeji alikuwa anaitazama timu. Afadhali angenitukana. Nyama nilipewa vipande viwili vya mifupa.

Jumatano, 12 Machi

Mazoezi ya kwanza ya Mnara. Kijana mpole, salamu zake ndefu kuliko yeye. Tatizo ni moja. Mpira ukija juu, anainama. Ni mazoea ya milango. Amejigonga kichwa maisha yake yote, sasa kitu chochote kikimjia usawa wa paji la uso anakipisha. Ribaundi zote, mipira inayorudi kutoka kwenye ubao, zinampita kwa heshima.

Nikamuuliza Kocha kama hili linarekebishika. Akasema labda, kwa mwaka mmoja na upole. Akaniuliza tena kama nilimuuliza Gundi. Nikasema tulilishughulikia kimaandishi.

Benchi kuna kiti kimoja kitupu, karibu na ndoo ya maji. Hakuna aliyekikalia leo. Nikaweka koti langu hapo.

Jumamosi, 15 Machi

Tumecheza na timu ya Miwani. Nieleze kwa utaratibu, maana mke wangu ameshasimulia kivyake mtaa mzima.

Robo ya kwanza tuko sawa. Robo ya pili refa anampigia Kombora filimbi ya kumsukuma mtu, Kombora anafoka, Kocha anamtoa. Anakuja benchi anapumua kwa kishindo. Anakaa karibu na koti langu. Anaongea na koti! Nikaona jambo hili si zuri, nikaenda kukaa naye mimi. Nikamwonyesha jedwali la mitupo yake aliyokosa. Hakutulia.

Aliporudi uwanjani, soli ya kiatu chake cha kulia ikaachama. Kumbe viatu vyote vya timu vinaishi kwa gundi ya Alhamisi, na Alhamisi imepita. Miaka minne sikuliona hilo. Halina safu.

Mapumziko. Nazunguka kutafuta kamba, naona mtu anavuka uwanja kutoka benchi lao, jezi namba sita, begi mkononi. Amemwomba kocha wake ruhusa. Akapiga goti mbele ya Kombora, akapangusa soli, akapaka, akaibana kwa mikono yake miwili. Huku anaongea naye kwa sauti ya chini. Sikusikia maneno. Niliona tu mabega ya Kombora yanashuka, kidogo kidogo, mpaka akacheka.

Akaniambia, shemeji, asikanyagie kiatu hiki kwa dakika ishirini. Robo ya tatu apumzike, ya nne acheze. Kisha akarudi kwao.

Dakika ishirini! Nikafikiri. Kwa nini mtu wa timu pinzani anataka mfungaji wetu akae nje robo nzima? Hapa pana mchezo. Kocha alikuwa anazungumza na Mnara. Baada ya dakika nane nikamwambia Kombora gundi imekauka, aingie.

Soli ilitoka yote, ikateleza mpaka kwenye meza ya watunza alama. Kombora alimaliza mechi akiwa nje na soksi moja. Tumefungwa kwa pointi mbili.

Gundi alicheza dakika nne. Hakufunga hata moja. Dakika nyingine zote nilikuwa namtazama. Kila aliyetoka uwanjani alikwenda kukaa karibu naye.

Jumapili, 16 Machi

Amekuja kula. Ameleta kiatu cha Kombora kimeshonwa, si kugandishwa tu.

Nilisubiri mke wangu aingie ndani. Nikamwambia Gundi kwamba dirisha la uhamisho linafunguliwa tena mwezi wa sita, na kwamba nafasi yake ipo. Nilisema vizuri. Nilisema hata zile sifa nilizoziandaa nyuma ya friji.

Alinisikiliza. Kisha akasema Miwani alimfuata kazini ile Jumatano jioni, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akamuuliza kama angependa kuhamia kwao. Gundi akamjibu kwamba anasubiri kwanza kusikia kwetu. Alikuwa na uhakika nitamuuliza, na alishapanga jibu lake: angesema hapana, anabaki. Kesho yake nikampa bahasha.

Alidhani nimeshindwa kusema kwa mdomo, ndiyo maana nimempa aandike. Hakutaka kunitia aibu mbele ya watu. Akaandika.

Akasema msimu huu anaumaliza kule, maana wale walimuuliza. Baadaye ataona. Kisha akaomba fimbo ndefu, akaenda kuzibua mfereji. Nilimsikia anafanya kazi huko nyuma, peke yake, nami nimekaa. Nimeumia. Naliandika hivyo hivyo kwa kuwa hakuna atakayelisoma.

Jumanne, 18 Machi

Siku mbili nimefikiri. Sijafikiri namna hii tangu nioe. Nimejiuliza kosa lilikuwa wapi hasa, bila kujipendelea, na leo asubuhi nikaliona waziwazi.

Kosa ni mwandiko. Laiti ningeijaza fomu mwenyewe, ningeileta imeshakamilika, mtu anatia sahihi tu, hana muda wa kufikiri wala wa kuhuzunika. Timu haiwezi kumtegemea mchezaji mmoja kwa mambo ya kalamu.

Nimenunua daftari la watoto, lile la mistari minne, na penseli. Mke wangu ameniona najizoeza, akafurahi. Amedhani namwandikia kaka yake barua ya kuomba radhi. Ameniletea chai na nyama isiyo na mfupa. Sikumkatisha tamaa.

Herufi zinaanza kukaa. Ukurasa wa kwanza nimejaza majina matatu ya yule kijana wa jezi namba tisa, yule anayegawa maji na kuwachekesha wenzake benchi. Mechi kumi, pointi mbili.