Ndara Mia Nne Kwenye Foleni

Jumatatu, 9 Juni

Seva imeanguka tena! Saa saba mchana, ofisi nzima imelala kwenye mikeka, kama desturi yetu baada ya chakula. Mara ya tatu sasa. Tumeamshwa na simu za hoteli: akili bandia yetu haiwajibu wageni wao. Hii si bahati mbaya. Kuna mkono wa mtu. Namshuku Diep. Ijumaa Bosi Khai atatangaza msimamizi mpya wa seva, mimi au yeye, na msimamizi hulala chini ya kiyoyozi. Joto la mji huu wa Da Nang! Miaka mitatu nakitamani kile kipande cha sakafu. Diep ana miezi minane tu hapa, na kila asubuhi ananiuliza kama nimekula. Anataka nini?

Mimi sina hatia. Kabla ya kulala natuma tu maombi mia mbili matupu kwenye seva, yanishikie nafasi, ili nikiamka kazi yangu iwe ya kwanza. Mama alifanya hivyo enzi za mgao wa chakula: aliacha tofali kwenye foleni ya mchele, akaenda zake kulala. Wengine waliacha ndara. Ustaarabu mtupu.

Jumanne, 10 Juni

Nimejifanya nimelala. Jicho moja wazi. Diep kalala chali, anakoroma. Anakoroma vizuri mno! Saa saba kasoro dakika mbili, seva chini. Mikono yake ilikuwa kifuani, naapa. Lakini kidole gumba cha mguu kilicheza. Nimekiona. Na seva ikiwa goigoi hivi, lazima mtu ajihami: kuanzia kesho natuma maombi mia nne.

Jumatano, 11 Juni

Imeanguka saa sita na nusu! Anazidi kuthubutu. Ila leo nilimfunga uzi kwenye kile kidole akiwa usingizini, ncha ya pili kwenye glasi yangu ya kahawa ya barafu. Akikichezesha tu, nimemnasa. Akageuka upande. Kahawa yote ikaishia kwenye kompyuta yangu. Nilipiga yowe, wote wakaamka. Diep akautazama uzi, akanitazama mimi. "Kaka Quyen, umenifunga kama kuku wa sokoni?" Wamecheka hadi machozi. Bosi Khai hakucheka. Nimeaibika, sikatai.

Alhamisi, 12 Juni

Diep hayupo. Kaenda kwao kwenye karamu ya kumkumbuka marehemu bibi yake. Nikatuma maombi yangu kwa kompyuta ya kuazima, nikalala kwa amani. Seva imeanguka! Kumbe ana mshirika. Namshuku mama anayetuletea chai ofisini.

Halafu, bahati! Waliotengeneza programu ya seva wametoa tahadhari. Programu yao ina dosari, haina kikomo cha maombi: mtu mmoja akituma maombi mengi matupu, seva huyangoja yote mpaka ikwame. Mtu mmoja! Nimepigia mstari, nikampelekea bosi, nikamwomba achapishe majina ya wote waliotuma. Kesho Diep anaumbuka. Nimefua foronya ya mto wangu, tayari kwa kiyoyozi.

Ijumaa, 13 Juni

Karatasi kumi na moja. Jina langu, jina langu, jina langu. Nikaeleza kwamba yale si mashambulizi, ni ndara za kushikia nafasi. Bosi akavua miwani. "Quyen, mdogo wangu, una miguu mingapi?" Msimamizi ni Diep. Mkeka wangu umehamishiwa mlangoni mwa choo, pamoja na foronya yangu safi. Nimelia kidogo, kwenye foronya hiyohiyo.

Diep kairekebisha seva kabla ya chakula: kila jina maombi kumi, basi. Kaja kunieleza mwenyewe, kwa upole, na kuniuliza kama nimekula. Upole wa nini? Na nani alizichapisha zile karatasi? Yeye! Huyu ni mtu wa kuchungwa.

Kumi kwa kila jina. Lakini kusajili jina ni bure. Jioni nimesajili majina arobaini, kuanzia Diep wa kwanza mpaka Diep wa arobaini.