Yowe Moja, Wageni Watatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka hata kabla ya kuanza. Albamu ya mwaka jana, ile niliyoijaza waimbaji wageni, iliwapendeza watu, basi kampuni inataka nyingine, na wageni tena. Haya. Nyimbo zote zimekwisha isipokuwa wa mwisho, na wa mwisho ndio wenye yowe.

Muziki wetu wa metali, roki ya magitaa makali, nywele zilizosimama na suruali za kubana, haumaliziki bila yowe. Refu, la juu, mpaka mbwa wa mtaa wetu wote wa Reseda waitikie. Leo nimejaribu. Limefika kooni likakaa. Hata mbwa wangu mwenyewe hakuinua kichwa.

Binti yangu Crystal, ndiye anayenirekodi humu kwenye banda la gari, akasema tuushushe wimbo. Eti mimi ni bibi mwenye wajukuu, hakuna aibu. Kushusha! Nimeimba juu maisha yangu yote, leo niimbe chini kama ninambembeleza mtoto? Nikamwambia azime mashine akapike.

Njia nimeipata. Nitaalika mgeni apige yowe. Kwenye video mdomo nitaufungua mimi. Nani atajua?

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia simu Dee Marchetti. Mwaka themanini na sita aliniibia dawa ya kupuliza nywele nyuma ya jukwaa, kwenye klabu moja ya mtaa wa Sunset, na mpaka leo hajaniomba radhi. Akasema atakuja iwapo yowe ni lake peke yake. Nikaapa.

Kisha nikaogopa Dee ataugua. Nikampigia Duane, mume wangu wa kwanza, mpiga gitaa la besi. Naye nikamwapia. Kisha Lonnie, mpiga ngoma wa bendi yetu ya zamani, akalia kwa furaha simuni mpaka nikakata.

Crystal akauliza yowe moja nimewapaje watu watatu. Waliosoma hawa! Siku hizi kila mgeni hujirekodi kwake akatuma. Nitachukua lililo bora, mengine nitasema mashine imeyameza. Mimi shule niliiacha mapema, lakini akili sikuiacha huko.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna hata mmoja anayejua kutuma. Wazee wazima! Wote wanakuja Jumamosi wenyewe, na siku nyingine hawataki.

Si neno. Dee nitamweka jikoni. Duane chumba cha wageni. Lonnie angoje kwenye gari lake. Nitawaita mmoja mmoja, kama kwa daktari wa meno.

Jumamosi, 8 Machi

Dee kaja na suruali ya ngozi na sinia la lazania, tambi za kuoka na nyama na jibini. Duane kavaa nywele za kununua. Lonnie kajipaka wanja mpaka masikioni. Nikamtia kila mtu mahali pake. Kwa muda mfupi nilikuwa mwanamke mwenye raha.

Dee hawezi kuimba nywele zikiwa zimelala. Akajipulizia dawa jikoni mwangu, kopo zima, chini ya kengele ya moshi. Ikalia. Wote wakakimbilia uani, wakaonana.

Duane akamuuliza Dee amefuata nini. Dee akasema yowe. Lonnie akasema hata yeye. Wakanigeukia. Nikajifanya namwita paka. Sina paka.

Wakazozana, wakatukanana, mpaka Crystal akasema wajaribu, atakayelifikisha juu alichukue. Dee alikohoa mpaka akakaa chini. La Duane lilitoka kama birika linalochemka. Lonnie alishika mgongo kabla hajafungua mdomo. Waongo wakubwa! Simuni kila mmoja alidai bado analo.

Dee akanitazama.

"Na wewe, shoga? Huna?"

"Ninalo. Nalitunza."

"Rhonda."

"Sina," nikasema.

Nilimngoja acheke. Hakucheka. "Langu liliondoka zamani," akasema. "Sijamwambia mtu. Nilidhani nikija kwako litarudi."

Nikaenda kuipasha lazania moto. Tulipokwisha kula, Crystal akaushusha wimbo bila kuniuliza. Tukaimba wanne kwenye maiki moja, chini kabisa, tumechoka, Duane amezivua zile nywele. Crystal alikuwa anafuta macho. Nikamwambia asugue hilo banda, lina vumbi.

Jumapili, 9 Machi

Crystal kanisikilizisha wimbo. Akasema, "Mama, huu ndio wimbo mzuri kuliko zote ulizoimba. Tafadhali usiuguse." Dee naye kapiga simu kusema hivyo hivyo. Nimewaahidi wote wawili.

Lakini metali bila yowe ni harusi bila bwana harusi. Nimempata msichana mmoja wa mji wa Bakersfield, koo lake linapasua glasi. Anakuja Jumatano, Crystal akiwa kazini. Asipotokea, yuko mwingine Fresno, naye anakuja Jumatano. Kila mmoja nimemwambia yowe ni lake peke yake.

Na safari hii sifanyi ujinga. Kengele ya moshi nimeitoa betri.