Pampu Iliyogoma Kabla ya Msimu wa Paa

Jumanne, 11 Novemba

Giaboksi ya pikapu iko chini, katikati ya gereji. Nimeishusha mwenyewe! Ni ya otomatiki, na pampu ya oili iliyo mbele yake lazima itoke ndipo nibadilishe sili, ule mpira unaozuia oili isivuje. Bolti zote nimeshafungua. Pampu haitoki. Nimeivuta, nimeibembeleza, nimeitukana. Wapi!

Jumamosi msimu wa kuwinda paa unafunguliwa, na nusu ya Michigan itakuwa porini. Shemeji Delbert kapita kunicheka. Ati nisijali, gari lake lina nafasi kule nyuma, pamoja na mbwa. Anaijua vizuri desturi ya kambi yetu: aliyepewa lifti ndiye mwosha vyombo, huku wenzake wakiwinda. Mwaka mzima nimeingoja siku hiyo. Siendi kusugua masufuria!

Jumatano, 12 Novemba

Nimepata wazo. Chuma kikipoa husinyaa, kikipata joto hutanuka. Nimetoa kwenye friza nyama yote ya paa wa mwaka jana, nikaipanga juu ya pampu. Pembeni mwa giaboksi nikawasha jiko la gesi la kukaangia bata mzinga. Akili hii sijui nimeirithi kwa nani.

Pampu haikutikisika. Nyama imeyeyuka na kulowa oili. Mke wangu Marlys kaniuliza kama nina homa, kisha akasema anampigia mama yake. Nimemsihi asithubutu. Mama mkwe, Irma, aliunda giaboksi kiwandani mpaka akastaafu, na hachoki kutukumbusha.

Alhamisi, 13 Novemba

Kampigia.

Irma kaingia na ovaroli yake ya kiwandani, kahawa mkononi. Akauliza nani anapika humu. Akapitisha kidole ukingoni mwa pampu, kwenye uchafu ulioganda, akakisimamisha mahali pamoja. "Haya, baba, na bolti hii ulimwachia nani?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Lakini mikono ile! Kaitoa bolti, akakaza kwenye matundu ya pampu fimbo mbili za chuma, kila moja na kipande kizito kinachoteleza. Akawa anavirusha vipande hivyo nje kwa zamu, vigonge ncha za fimbo, ta, ta, ta, bila haraka, bila tusi hata moja. Pampu ikatoka kwa utaratibu wake, kama mkate uliokubali kutoka kwenye chombo. Nimempigia makofi. Nampenda yule mama, nasema kweli. Mpaka jioni sili ilikuwa mpya na pikapu inanguruma. Naye anakuja kambini, kwa gari lake.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimefika kwa gari langu! Jana, Irma akiwa nje anasafisha bunduki, niliwasimulia wenzangu nilivyoing'oa pampu peke yangu. Walinitazama kwa heshima mno. Delbert, ambaye giaboksi yake ilikufa hapa hapa getini, karibu anibusu akiniomba nimtengenezee. Ningekataaje?

Sasa ni adhuhuri. Wote wako porini. Mimi niko bandani na giaboksi ya Delbert, pampu imegoma. Bunduki imelia ng'ambo ya mto. Delbert kaja mbio kusema Irma kaangusha dume la pembe kubwa, risasi moja tu. Mama yule!

Bolti zote nimetoa, nina hakika. Nimemwambia Delbert atafute nyundo kubwa zaidi.