Maua ya Baba Yameoza Yote

Jumatano, 3 Aprili

Msiba! Nimerudi kutoka Misa ya asubuhi, nikafunua kioo cha kitalu, nikakuta dafodili za marehemu Baba, maua ya majira ya kuchipua, zimetoa mashina matatu tu. Kitalu kizima! Nikachokonoa kwa kidole pale palipokuwa patupu. Matunguu, ile mizizi yake iliyo kama vitunguu, yamelainika kama viazi vya wiki iliyopita. Nikabonyeza moja, funza akachungulia. Mnene. Ana afya kunishinda.

Nimejipa moyo. Siku ya maonyesho ya maua ya parokia, Jumamosi ya wiki ijayo, chombo kimoja cha kuwania kombe kinataka mashina matatu. Mungu kanipimia sawasawa. Ila shina la tatu bado limefumba kama ngumi ya mtoto mchanga.

Hakuna mwingine duniani mwenye ua hili. Baba alilizalisha mwenyewe, hapa hapa uani, nami nikimshikia kofia. Binamu yake mtawa alikuwa amemletea kidafodili cha mwituni kutoka milima ya Uhispania, kidogo kama kidole. Baba akachukua chavua yake kwa brashi yangu ya rangi ya shule, akaipaka kwenye ua letu kubwa jeupe, akalifunika kwa soksi ili nyuki wasimwingilie kazi. Akapanda mbegu, akangoja. Nilimaliza shule, nikajifunza kushona, bado anangoja. Asubuhi moja likafunguka: dogo, rangi ya siagi, kikombe cha katikati kipana kama sketi, harufu ya asali. Baba alikaa juu ya ndoo akilitazama mpaka chai ikampoa mkononi.

Tatizo la Baba lilikuwa mkono wazi. Mgeni hakuondoka kwetu bila tunguu lililofungwa kwenye gazeti. Lakini hili nililisimamia mwenyewe. Kila mgeni alipoaga, mimi niko mlangoni. Hata baada ya mazishi, jirani yangu Dympna Quigg aliponiomba moja la ukumbusho, nilimwambia yameoza yote.

Namwomba Mungu asije akawa alidhani namwagiza.

Alhamisi Kuu, 4 Aprili

Nimepata akili. Ua linalochelewa linahitaji joto. Nimelikata, nimelitia kwenye glasi, nimeliweka karibu na jiko, nikaenda kwenye Misa ya kuoshwa miguu. Nilisali kwa utulivu wa mtu mwenye mpango.

Nilisahau kwamba nilichochea jiko kwa ajili ya mkate. Ua lilifunguka, likachanua, likazeeka na kufariki mimi nikiwa kanisani. Nimekuta kitu kama ganda la kitunguu kilichoungua. Mkate nao ni mgumu.

Yamebaki mawili. Nimeyakata na kuyatia kwenye friji, yasije yakapitiliza nikiwa natafuta la tatu. Sijui nitalitafuta wapi.

Jumamosi Kuu, 6 Aprili

Matofaa!

Kila mpanda dafodili wa hapa kwetu anajua tofaa halilali chumba kimoja na ua. Pumzi yake inaua maua. Baba alikuwa akiyafukuza nyumbani majira haya. Tulikula mkate wa matofaa tukiwa tumesimama kwenye banda la kuku, na mvua inanyesha. Nami jana, Ijumaa Kuu, nimefunga, nina chai ya rangi tumboni na mateso ya Bwana kichwani, nimenunua matofaa ya Pasaka nikayatia kwenye friji ile ile. Yako mazima, yanang'aa. Maua yamelala kifudifudi.

Nikakimbilia kitaluni. Nimechimbua matunguu yote. Yote ni laini. Hakuna hata moja la kuanzia upya! Si habari ya kombe tena. Ua la Baba limekwisha duniani, na aliyelimaliza ni mlinzi wake.

Nimekaa juu ya ndoo. Ile ile. Chai imenipoa mkononi.

Jumapili ya Pasaka, 7 Aprili

Aleluya! Nimepita makaburini baada ya Misa nikamkuta Baba amechanua. Kichwani pake, chini ya msalaba, kishada kizima, rangi ya siagi, kinatikiswa na upepo. Nikainama kunusa. Asali.

Nimelia. Nimepiga magoti. Nimesali rozari nzima. Kisha nimehesabu mashina, nikaona yanatosha na kubaki.

Nani kayapanda? Huenda ni muujiza. Sipendi kuuchunguza muujiza siku ya Pasaka. Nimewaza hivi: kaburi ni la Baba, ua ni la Baba, mimi ni mtoto wa Baba. Padri mwenyewe hataona wizi hapo. Lakini sitamuuliza.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimekwenda na mkasi ndani ya kifuko cha rozari. Nilichagua saa ya chai, wakati parokia yote iko jikoni. Nimeinama, nimeshika shina la kwanza, nikasikia sauti nyuma yangu inaniuliza nimekuja kumnyoa mzee wangu, au?

Dympna Quigg. Na jembe dogo, na glavu, na goti la suruali lenye udongo. Kumbe ndiye anayelipalilia kaburi. Mimi nilidhani majani ya pale yana adabu tu.

Akasema, haya shoga, si uliniambia yameoza yote? Nikamwambia wakati ule nilidanganya, sasa ndiyo kweli. Akacheka mpaka akashikilia msalaba wa marehemu wa jirani. Nikakasirika. Nikataka kujua kayapata wapi, maana mimi sikubanduka mlangoni. Akasema lile la ukumbusho aliniomba kunipima tu. Ndiyo, bibie, ulikuwa mlangoni. Mzee alinipa kwa dirisha la jikoni.

Dirisha la jikoni!

Kisha akaacha kucheka. Akasema Baba alimpa kwa sharti: binti yangu Concepta atayabana mpaka yafe, na siku hiyo atakuja kwako, mpe, usimcheke sana. Dympna akasema hapo pa kucheka ndipo palipomshinda.

Akanipeleka kwake. Ukuta mzima wa nyuma ni maua ya Baba. Nimesimama pale kama mgeni kwenye nyumba niliyozaliwa. Akanikatia mashina matatu, akanipa na chungu kizima chenye matunguu yake, magumu, hayana funza. Nikamwambia suruali yake imechafuka.

Jumamosi, 13 Aprili

Siku ya maonyesho. Nimepanga mashina yangu, nimeyashikiza kwa kuvumwani, yale manyoya ya kijani ya kwenye mawe, nimenyoosha sketi zake kwa brashi kama Baba alivyonifundisha. Nikaandika kadi kwa mkono wangu bora: "Ua la Baba. La Pekee Duniani."

Nikainua macho. Meza nzima ni rangi ya siagi. La Dympna. La bwana wa posta. La masista. La mzee Wylie, Mpresbiteri wa mji wa Maghera, hata si Mkatoliki, ambaye nilimfungulia na kumfungia mlango kwa mikono yangu hii! Dirisha lile lilikuwa na kazi kuliko mlango. Jaji akasoma kadi yangu, akaitazama meza, akaisoma tena.

Nami nikasoma kadi zao. Concepta. Concepta. Concepta. Nikadhani wananikejeli. Nikamfuata Wylie, nikamwuliza, mzee, huu ni utani gani? Akavua kofia. Akasema hilo ndilo jina la ua, alivyopewa na Baba. Yeye alidhani mimi ndiye niliyelificha jina kwa haya. Baba alimwambia kaliita hivyo kwa sababu ni gumu kuanza, lina kichwa kigumu, lakini likishafunguka linanukia nyumba nzima.

Miaka yote hiyo nalinda jina langu, na sikulijua. Ningemwuliza mtu yeyote, angeniambia.

Nikaenda nje, nyuma ya ukumbi, kwenye mapipa. Dympna akanifuata na kikombe cha chai. Akanipa kitambaa chenye udongo, nikajifuta, nikawa mchafu zaidi.

Kombe kachukua Wylie. Mimi sikupata hata cheti, kadi yangu ilihesabiwa kuwa si kweli. Nimeweka nadhiri mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu: kuanzia leo mkono wangu uwe kama wa Baba. Yeyote atakayeomba atapewa.

Jumanne, 16 Aprili

Padri Loughrey kapita kunywa chai. Kalisifia sana lile ua. Kasema ni mgeni hapa parokiani, bustani yake ni tupu, na je, Concepta, huna tunguu moja la kunipa?

Chungu kilikuwa nyuma ya pazia, karibu na goti lake.

Nimemwambia yameoza yote. Funza, Padri. Akasikitika, akaniwekea mkono kichwani, akasema atayaombea.

Nikamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha nikarudi jikoni, nikapigilia dirisha misumari.