Mwamvua Alivyolikomboa Jiwe la Kusagia

Njooni, enyi mlioketi mikekani nanyi mliosimama mlangoni, nyamazisheni hata kuku, maana namtaja Mwamvua binti Shaaban, simba jike wa kando ya ziwa letu dogo la Kondoa, mshika mwiko asiyetetereka, na vita alivyopigana mwaka ule biashara huria ilipotuletea mashine ya kusaga nayo, kufumba na kufumbua, ikaharibika.

Siku hiyohiyo mkwewe Hamza, mume wa binti yake wa pekee, alikuwa njiani kuja kula kwake kwa mara ya kwanza. Uwele ulikuwapo, unga haukuwapo. Na jiwe lake la kusagia, ole wetu, lilikuwa mateka! Kamati ya kijiji ilikwisha kulitwaa, ikaliweka katika kibanda cha mambo ya kale ili wageni walione, ikalizungushia kamba ya katani.

Basi shujaa akajifunga kibwebwe, akauinua ungo wake wa uwele kama ngao, akakivamia kibanda. Ndani alisimama Mwenyekiti Abdulkadiri, ngome ya kamati, akimwonyesha jiwe hilo muuguzi mmoja wa Kiayalandi aliyekaa misheni miaka mingi.

"Rudi nyuma, Mwamvua!" akanguruma. "Jiwe hili limestaafu. Sasa ni la kihistoria!"

"Shikamoo, Mwenyekiti," akajibu shujaa, kwani hata vitani adabu ni adabu. "Limestaafu lini, nami nimelisagia Ramadhani hii iliyopita? Mkwe wangu yuko njiani. Akilala njaa kwangu, aibu hiyo nayo mtaizungushia kamba?"

Ndipo yule muuguzi akanena, "Kwetu nako ni kijiji kando ya ziwa. Kigoda cha bibi yangu wakubwa wa kijiji walikifungia hivihivi. Bibi amekufa akikitamani." Akaiinua kamba kwa mkono wake mwenyewe.

Lo! Mwamvua akapiga magoti, jiwe likavuma, punje zikasalimu amri jeshi baada ya jeshi, na Mwenyekiti, mshindwa wa siku ile, akashikishwa ungo.

Jioni, kwa kuwa mama mkwe haketi mbele ya mkwe, shujaa alitega sikio nyuma ya ukuta, na wallahi aliogopa kuliko alivyoogopa kamati nzima. Hamza akamega tonge. Akatafuna. Kacha! Changarawe ya jiwe ikalia chini ya jino.

Kisha, enyi vizazi vijavyo, andikeni haya kwa wino usiofutika: mkwe akameza, akasema, "Niongezeeni."