Mita Sitini na Moja

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Imetangazwa! Klabu yetu ya uvuvi wa fimbo itapeleka watu watatu kwenye mashindano ya Matemwe. Wawili wameshachaguliwa. Nafasi ya tatu ni baina yangu na Mundhir, kaka wa mke wangu Ruqaya. Jumamosi tutarusha chubwi, kile kipande cha risasi cha kuzamishia mshipi, kiwanjani Maisara, mara moja tu kila mtu. Atakayerusha mbali zaidi ndiye anayekwenda. Mundhir ana misuli. Mimi nina akili. Namwonea huruma.

Rili yake, ile mashine ya kukunjia mshipi kwenye fimbo, ni ya marehemu ami yake. Bobini, yaani kile kigurudumu kinachobeba mshipi, ni fupi na ina kina. Mshipi ukishapungua kidogo tu, unakwaruza ukingo wakati wa kutoka. Ukikwaruza, mwendo unakufa. Bobini yangu ni ndefu, pana, ya kisasa. Mshipi unatoka bila kuombwa.

Jumanne, 5 Agosti

Tatizo dogo. Mshipi wangu umebaki mita hamsini tu. Mwingine wote ulinasa mwambani Kizimkazi, ukakatika. Bobini haijai. Mshipi umekaa chini na ukingo umesimama juu yake kama ukuta. Haifai kabisa. Dawa: kujaza uzi wowote chini, kuufunga na ncha ya mshipi, kisha kuzungushia mshipi juu yake mpaka ukaribie ukingo.

Ruqaya anashona kofia. Kikapu chake kimejaa nyuzi. Alipokwenda kwa jirani yetu Bi Amne nilichukua uzi wa kijani. Wote. Kofia yenyewe anamshonea Mundhir. Faida mbili kwa pamoja!

Jumatano, 6 Agosti

Majaribio Maisara, kwa futi kamba na daftari. Jana kabla ya kutia uzi: wastani wa mita thelathini na mbili. Leo: mita arubaini na moja. Marusho kumi. Moja nimelifuta kwa sababu ya mbuzi. Mshipi ni mita hamsini, kwa hiyo nina akiba ya mita tisa. Salama kabisa.

Ruqaya aliuliza uzi wa kijani uko wapi. Nikamwambia paka wa siku hizi hawana adabu. Akaniuliza ni paka gani huyo anayeiba rangi moja kisha akafunika kikapu. Nikatoka kwenda kusali mapema.

Alhamisi, 7 Agosti

Maendeleo makubwa. Nimesugua ukingo wa bobini kwa msasa laini, kisha kwa kitambaa. Unang'aa mpaka najiona. Sikupima tena. Kupima kunachosha bega.

Nilipita kwa mwenyekiti wetu, Bi Ummkulthum, aliyesomesha fizikia miaka thelathini. Shikamoo, marahaba. Nikamweleza habari za ukingo, upana na msuguano. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema yote ni kweli. (Nimepigia mstari.) Akanikumbusha na sharti lake: chubwi ikishapimwa lazima irudishwe kwa kuzungusha rili, maana kutupa kitu kisirudi, hata yeye na goti lake anaweza. Nilicheka kwa heshima. Mama wa watu anazeeka.

Njiani nikakutana na Mundhir. Akaniuliza, shemeji, visingizio umeshavipanga au nije nikusaidie? Nikamjibu kuwa nimeshapanga begi la Matemwe.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepumzisha bega.

Jumamosi, 9 Agosti

Mundhir alitangulia. Rili yake ililia kama bawaba ya mlango. Mita arubaini na saba. Watu wakapiga makofi. Nikapiga na mimi, mara mbili.

Kisha nikarusha. Hakuna kilichokwaruza! Upepo ulikuwa mgongoni. Chubwi ikaruka, ikapita alama ya Mundhir, ikaendelea. Nilihisi mstuko mdogo kwenye fimbo, kama mtu aliyeniachia mkono. Mita sitini na moja! Rekodi ya klabu!

Bi Ummkulthum akasema ahsante mwanangu, sasa zungusha. Nikazungusha. Nikazungusha sana. Rili ilikuwa nyepesi ajabu. Chubwi haikusogea. Mshipi wangu wote ulikuwa umelala majanini peke yake, hatua kama kumi na tano mbele yangu, na mwisho wake una kipande cha uzi wa kijani uliokatika.

Mundhir akauokota, akauinua watu wote waone. Akasema, jamani, hii si kofia yangu? Akataka kujua, shemeji, upande wa masikio umeutupa wapi? Klabu nzima ilikaa chini kwa kicheko. Bi Ummkulthum aliandika jina la Mundhir bila kunitazama. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Jumapili, 10 Agosti

Ruqaya amekwenda kwa mama yake Bwejuu. Kikapu cha nyuzi amekwenda nacho.

Nyumba kimya. Nafasi nzuri ya kutafakari. Nimepitia daftari lote na sikuona kosa hata moja katika nadharia. Mita sitini na moja ni mita sitini na moja. Mtu wa fizikia ndiye aliyepima! Kosa ni la uzi. Uzi wa kofia haukutengenezwa kubeba ushindi.

Ruqaya kapiga simu. Kasema ningenunua mshipi mrefu tu, basi. Hayo ndiyo mawazo ya mtu asiyejua bobini. Sikubishana naye.

Kinachotakiwa ni uzi mnene. Pazia la ukumbini, alilotuletea mama mkwe, limefumwa kwa pamba nzito. Nimevuta ncha moja, kwa majaribio tu. Linafumuka vizuri sana. Nimeshafika nusu ya dirisha.