Nilivyoongea na Tumbo Langu Kwa Wakwe

Jamani, nitafutieni shimo nijifukie. Leo nimeaibika mpaka masikio yanawaka.

Mnajua vile napenda podikasti. Hapa Mosocho nauza ndizi zangu huku waya wa simu uko sikioni. Nimesikiliza ya kuku wa kienyeji, ya ndoa, hata ya kupamba nyumba (na nyumba sina). Juzi nikapata moja ya kula vizuri. Tamu ajabu! Dada mwenye kipindi ana sauti laini kama avokado iliyoiva. Anasema ukifika katikati ya chakula, wacha kula kwanza, funga macho, shika tumbo, uliulize kwa upendo kama bado lina njaa. Tangu hapo nafanya hivyo kila mlo, pale pale kibandani. Mimi na tumbo langu tumekuwa marafiki.

Sasa leo mchumba wangu Nyakundi akanipeleka kwao Sironga, mamake anione kwa mara ya kwanza. Mimi ambaye nimeshachagua majina ya watoto na rangi ya mapazia! Nikajiambia, Kwamboka, leo ukiharibu umejimaliza.

Babake ni mzee wa kanisa. Na kwetu mnajua, mbele ya baba mkwe hata neno moja la mambo ya mwili halitoki mdomoni. Nikakaa mbali naye, macho kwa sakafu. Mzee akaombea chakula, tukaanza.

Ugali wa wimbi, mlima! Na chinsaga, ile mboga chungu yetu, imelazwa na maziwa ikalegea. Mama akanikatia kipande kama tofali.

"Kula, mwanangu. Hapa hatupimi."

Nikafika nusu, nikasikia nimejaa. Hapo, jamani, mazoea yakanishika. Nikaweka tonge chini. Nikasukuma sahani kidogo. Nikafunga macho.

Kumbe wamedhani naomba tena! Wote wakainamisha vichwa (haya Nyakundi amenieleza baadaye). Mimi huku sina habari. Nikashika tumbo, nikalipapasa polepole, nikasema kwa sauti, "Mpenzi wangu, usiogope. Niambie ukweli, unataka nini?"

"Amina," akaitikia mzee.

Nikafungua macho. Mama alikuwa anaangalia mkono wangu. Akaangalia ule ugali nimesukuma. Akamgeukia mwanawe.

"Nyakundi! Ni miezi mingapi?"

"Miezi ya nini, mama?"

"Unaniuliza mimi?"

Mzee akasimama, akachukua kofia yake, akatoka nje. Nyasae, Mungu wangu!

"Mama, si hivyo!" nikasema, machozi yashafika. "Ni kipindi nasikiliza kwa simu. Kinafundisha mtu kuongea na tumbo."

Akanishika bega. "Usione haya, mwanangu. Hata mimi niliongea na wangu wote. Huyu Nyakundi alikuwa anajibu kwa mateke."

Nyakundi naye ananiangalia, jasho linamtoka. "Kwamboka... kweli?" (Hata wewe!)

Nikaona dawa ni moja tu: nile, waone niko mzima. Nikavuta sahani. Nikamaliza tofali lote. Nikaomba lingine. Nikapangusa hata maziwa ya chinsaga.

Mama akapiga makofi. "Mnaona vile anakula? Ni kijana!"

Nikajaribu tena kukana. Nani anasikia? Ameshapigia dada zake wawili, na jirani amekuja ugani kunipa pole na pongezi kwa pamoja. Wakati wa kutoka mama akanifungia chinsaga na mayai, eti ya kuongeza damu. Akanikumbatia, akaniita mke wa mwanawe. Akalia kidogo. Hiyo ndiyo imenivunja kabisa. Nimengojea hilo neno vile nimengoja, na limekuja kwa sababu ya mtoto ambaye ni ugali.

Sasa nimelala hapa kitandani, tumbo limevimba kweli kweli, na sijui nitamwambia nini yule mama akija kuniona.

Tafadhali msicheke. Mtoto anasikia.